Maji kidogo, hasara kidogo: Mazulia ya kufumwa yahitaji fundi anayejua kupima

MFANYABIASHARA anayefungua kazi ya kusafisha mazulia katika mji wa pwani kwa kawaida huanza kwa kununua mashine. Hapo ndipo hasara nyingi zinapoanzia. Mashine inayoleta faida kwenye zulia la plastiki inaweza kuleta deni kwenye zulia la sufu, na deni la zulia moja tu linatosha kufunga duka.

Kazi yenyewe haina ubaya. Misikiti, hoteli, ofisi na nyumba za watu wenye uwezo zina mazulia, na mazulia hayo huchafuka kila mwaka. Mtaji wa kuanzia si mkubwa ukilinganisha na wa biashara nyingine za huduma, na malipo hupatikana taslimu.

Lakini soko hili lina ngazi mbili. Ngazi ya chini ni ya mazulia ya nyuzi za plastiki, ambako kila mwenye pampu ya maji na brashi ni mshindani na bei hushushwa kila siku. Ngazi ya juu ni ya mazulia ya kufumwa ya sufu, hariri, pamba na mkonge. Huko wateja ni wachache, bei ni nzuri, na kosa halisameheki.

Anayetaka kupanda ngazi hiyo ya juu anatakiwa kujifunza njia za kusafisha kwa maji kidogo, kujua kila njia inafaa zulia lipi, na kujua pia pale zinapogota.

HESABU YA HASARA

Chukua mfano wa fundi anayetoza sh. 60,000 kwa zulia moja. Akitoa gharama za dawa, umeme, usafiri na ujira wa kijana wake, anabakiwa na sh. 20,000.

Siku moja analetewa zulia la sufu ambalo mwenyewe alilinunua kwa sh. milioni 3. Analitandika uani, analimwagia maji na sabuni ya unga ya kufulia nguo, analisugua kwa brashi ngumu, kisha analianika ukutani. Kesho yake rangi nyekundu imechujia kwenye nyeupe, pembe zimejikunja, na zulia lililokuwa na urefu wa mita 3 limepungua.

Mwenye mali akidai alipwe, fundi huyo atatakiwa kufanya kazi 150 bila kula senti ya faida ili alimalize deni. Kama anapata kazi 10 kwa wiki, hiyo ni miezi mitatu na zaidi ya kufanya kazi bure.

Takwimu hizo ni za mfano tu, na kila mtu anaweza kuweka za kwake. Jibu halitabadilika sana. Katika kazi hii faida huja kidogo kidogo, na hasara huja kwa mkupuo.

ZULIA LA KUFUMWA NI LIPI?

Si kila zulia lenye maua ni la kufumwa, na si kila la kufumwa ni la sufu. Namna ya kwanza ya kujua ni kuligeuza na kutazama mgongo wake.

Zulia la kufumwa lina nyuzi za mtande zinazokwenda kwa urefu na nyuzi za mshindio zinazopita kwa upana. Manyoya yake hufungwa au kukamatwa katikati ya nyuzi hizo. Ukiligeuza, maua ya upande wa juu huonekana pia upande wa chini, hasa kwa mazulia ya kufungwa kwa mkono kama yale ya Iran.

Kama mgongo umefunikwa kwa kitambaa kilichobandikwa kwa gundi, zulia hilo lilidungwa nyuzi kwa sindano za mashine, halikufumwa. Tatizo lake kubwa ni gundi, ambayo huzeeka na kugeuka unga.

Katika kundi la kufumwa kwa mashine, majina mawili hutajwa sana katika biashara: Wilton na Axminster. Yote mawili ni majina ya miji ya Uingereza. Kazi ya Axminster ilianzishwa na Thomas Whitty mwaka 1755. Mazulia ya namna hii hutandikwa sana katika hoteli na kumbi kwa sababu hudumu.

Yako pia mazulia bapa yasiyo na manyoya, kama vile kilim, ambayo rangi yote inatokana na nyuzi za mshindio zenyewe. Haya huonekana mepesi na rahisi kufua. Kwa kweli ni miongoni mwa yanayosumbua zaidi, kwa kuwa nyuzi za rangi mbalimbali zimegusana moja kwa moja na hakuna manyoya ya kuficha rangi ikichuja.

Mazulia mengi ya mashine yanayotoka Uturuki, hasa katika mji wa Gaziantep, ni ya nyuzi za plastiki aina ya polipropilini. Nyuzi hizo hazinywi maji. Hata hivyo, fundi asishangilie mapema: manyoya yanaweza kuwa ya plastiki huku mshindio ukiwa wa juti. Hapo mgongo ndio unaoamua kiasi cha maji.

MAJI YANAVYOHARIBU

Madhara ya maji mengi kwenye zulia la kufumwa ni manne, na kila moja lina sababu yake.

La kwanza ni kusinyaa. Uzi wa juti au wa pamba ukinywa maji huvimba na kuwa mnene. Uzi unaozunguka ule ulionenepa hulazimika kupita njia ndefu zaidi kuuzunguka, na kwa kuwa urefu wake hauongezeki, zulia zima huvutika na kuwa fupi. Zulia lililopigiliwa misumari ukutani kote linaweza kujing'oa lenyewe.

La pili ni rangi kuchuja. Rangi ambayo haikushika vizuri kiwandani au kwa mtia rangi huachia uzi pale inapokutana na maji ya moto, sabuni kali na muda mrefu wa kukauka. Rangi nyekundu na nyeusi ndizo za kutazamwa kwanza.

La tatu ni zulia kugeuka kahawia. Juti na nyuzi nyingine za mimea zina vitu vinavyoyeyuka katika maji. Zulia likikauka polepole, maji hupanda kutoka mgongoni kwenda kwenye ncha za manyoya na kuvibeba vitu hivyo. Maji yakiruka hewani, uchafu wa kahawia hubaki juu. Kwa njia hiyo hiyo doa lililodhaniwa limetoka hurudi baada ya siku mbili.

La nne ni ukungu. Kitu kilicholowa na kukaa saa 24 hadi 48 bila kukauka huwa shamba la ukungu. Harufu hutangulia, madoa hufuata, na mwishoni nyuzi za mgongo huoza. Zulia lililooza likikunjwa hutoa mlio kama wa vijiti vikavu vinavyovunjika.

Kwa sufu kuna jambo la ziada. Unywele wa sufu una magamba madogo. Ukichanganya maji, joto, sabuni yenye magadi na kusugua kwa nguvu, magamba hayo hushikana na manyoya hugeuka mabonge. Hakuna dawa ya kuyarudisha.

HEWA YA PWANI INAVYOBADILI HESABU

Kuna hoja inayosikika mara kwa mara: mbona Wairani wenyewe huyafua mazulia yao kwa maji mengi? Hoja hiyo ni ya kweli. Katika chemchemi ya Cheshmeh Ali huko Rey, karibu na Tehran, watu wamefua mazulia kwa miaka mingi na kuyaanika kwenye miamba. Huko Mashhad Ardehal, karibu na Kashan, iko hata ibada ya kila mwaka ya kuosha zulia, ambayo UNESCO iliiweka katika orodha yake ya urithi mwaka 2012.

Tofauti iko kwenye hewa. Nyanda za juu za Iran ni kavu, na zulia likianikwa juani wakati wa kiangazi hukauka upesi mpaka kwenye mtande. Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga na Mombasa hewa ina unyevu ambao mara nyingi hupita asilimia 70, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, jua lenyewe halitegemewi.

Sufu hudanganya mkono. Inaweza kubeba maji kiasi cha asilimia 30 ya uzito wake bila kuonekana imelowa. Chukua zulia la mita 3 kwa 2 lenye kilo 15 za sufu kavu kabisa. Zulia hilo linaweza kuwa na kilo 4.5 za maji na bado mwenye nyumba akaligusa na kusema limekauka.

Tena halianzi bila maji. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65, sufu tayari hubeba karibu asilimia 16 ya uzito wake, yaani kilo 2.4 kwa zulia hilo. Nafasi iliyobaki kabla halijaanza kulowa ni kilo 2.1 tu. Katika hewa nzito zaidi, nafasi hupungua zaidi.

Kwa maneno mengine, fundi wa pwani hupokea zulia ambalo nusu ya kibaba chake cha maji kimekwisha kujaa. Ndiyo maana kiasi cha maji ni suala la mtaji huku pwani kuliko bara kwenye hewa kavu.

NJIA NNE ZA MAJI KIDOGO

Njia za maji kidogo zinazotumika katika biashara ni nne. Zote zinategemea jambo moja: vumbi litolewe kwanza, likiwa kavu. Sehemu kubwa ya uchafu wa zulia ni mchanga, vumbi na nyuzi, na uchafu huo ukikutana na maji huwa tope. Fundi asiye na mashine nzuri ya kufyonza vumbi hana haja ya kununua nyingine yoyote.

Njia ya kwanza ni ya unga wenye unyevu. Chembe laini zilizoloweshwa kidogo kwa maji, sabuni na dawa ya kuyeyusha mafuta hunyunyizwa juu ya zulia, husuguliwa taratibu kwa brashi, huachwa zinyonye uchafu, kisha hufyonzwa. Zulia halilowi, na mara nyingi linaweza kukanyagwa mara baada ya kazi. Udhaifu wake ni kwamba kwenye manyoya marefu unga hubaki chini, na usipofyonzwa wote unageuka uchafu mpya.

Njia ya pili ni ya dawa inayokauka kuwa chembe ngumu. Dawa hupuliziwa kidogo na kusambazwa kwa brashi. Ikikauka hufunga uchafu ndani ya chembe zinazovunjika, na chembe hizo hufyonzwa siku ile na siku zinazofuata. Zulia hukauka kwa saa moja hadi mbili hewa ikiwa nzuri. Njia hii ni ya haraka, na inafaa sana kumbi na ofisi. Dawa nyingi za namna hii zilitengenezwa kwa ajili ya nyuzi za plastiki, hivyo kwa sufu ni lazima kusoma maelezo ya chupa.

Njia ya tatu ni ya povu kavu. Sabuni hupigwa na hewa mpaka iwe povu zito lenye maji machache, povu husuguliwa kwenye ncha za manyoya, kisha hufyonzwa. Hufaa mazulia ya sufu ya mashine na, kwa mkono wenye uangalifu, hata ya kufungwa kwa mkono. Udhaifu wake ni sabuni inayobaki. Sabuni iliyobaki hunata, na zulia huchafuka upesi kuliko mwanzo.

Njia ya nne ni ya pedi inayozunguka. Pedi ya kitambaa yenye unyevu huwekwa chini ya mashine ya kung'arishia sakafu na kupitishwa juu ya zulia. Ni ya bei nafuu na matokeo huonekana upesi, ndiyo maana hupendwa. Lakini husafisha juu tu, na mzunguko wake huyasokota manyoya. Kwa mazulia laini ya kufumwa, pedi ya mashine isitumike. Taulo jeupe lenye unyevu kidogo, likipitishwa kwa mkono kufuata mlalo wa manyoya, hufanya kazi ile ile bila madhara.

IPI KWA ZULIA LIPI

Zulia la Wilton au Axminster la sufu lenye juti mgongoni: unga wenye unyevu ndio chaguo la kwanza. Dawa ya kukauka ni chaguo la pili, mradi iwe imeruhusiwa kwa sufu. Povu kavu ni la tatu.

Zulia la sufu la kufungwa kwa mkono: kupiga na kufyonza vumbi pande zote mbili, kisha povu kwa mkono na taulo. Unga usipakwe karibu na matamvua. Likihitaji kufuliwa kwa kina, apewe bingwa mwenye mahali pa kulikausha.

Kilim na mengine yasiyo na manyoya: kufyonza vumbi, na taulo lenye unyevu kidogo baada ya kupima kila rangi. Brashi ya kuzunguka isiguse.

Hariri halisi na hariri bandia: kufyonza tu, kwa nguvu ndogo. Hariri bandia ya viskosi hupoteza hata karibu nusu ya nguvu yake ikilowa, huwa ya manjano, na manyoya yake hulala yasiinuke tena. Fundi anayeanza akatae kazi hiyo kwa heshima. Kukataa hakumgharimu kitu.

Mkonge: unga wenye unyevu peke yake. Zao hili watu wa Tanga wanalijua vizuri. Dk. Richard Hindorf alileta miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika ikiwa hai 62 tu, na kutokana na hiyo yakaota mashamba ambayo mwaka 1964 yalitoa zaidi ya tani 230,000. Zulia la mkonge ni imara kwa miguu lakini ni dhaifu kwa maji. Tone moja huacha alama, na likilowa lote husinyaa. Hata mkeka wa ukili nyumbani haulowekwi kwenye beseni, hupanguswa. Zulia la mkonge ni jamaa yake.

VIPIMO KABLA YA KUGUSA

Kipimo cha kwanza ni cha uzi. Vuta uzi mdogo mgongoni au kwenye ukingo, mbele ya mwenye mali na kwa ruhusa yake, uuchome mbali na zulia. Sufu na hariri hunuka kama nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika. Pamba, juti, mkonge na viskosi hunuka kama karatasi. Plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kwa kipimo hicho hicho mnunuzi wa "hariri" anaweza kujua kama ameuziwa viskosi. Tofauti ya bei baina ya viwili hivyo ni kubwa mno kwa mtu kuacha kupima.

Kipimo cha pili ni cha rangi. Lowesha kitambaa cheupe kwa dawa ile ile itakayotumika, kibonyeze juu ya kila rangi kwa dakika chache, kisha kitazame. Kikiwa na rangi hata kidogo, hakuna maji yatakayogusa zulia hilo.

Kipimo cha tatu ni cha mgongo. Kunja pembe taratibu usikilize. Ukisikia mlio wa kuvunjika, zulia limeoza na litachanika mikononi mwako. Tazama pia kama kuna nondo: manyoya yaliyolika, vifuko vidogo na unga wa mchanga chini ya mahali makabati yalipokuwa.

Kipimo cha nne ni cha dawa. Sufu hupenda dawa isiyo na ukali, yenye kipimo cha pH kati ya 5 na 8 hivi. Sabuni nyingi za unga za kufulia nguo hupita 10. Taasisi ya WoolSafe ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1991, hupima dawa za kusafishia sufu na kuzipa alama. Muagizaji anayetafuta bidhaa ya kuuza kwa mafundi anaweza kuanza kwa kuitafuta alama hiyo kwenye chupa.

PALE MAJI KIDOGO YASIPOTOSHA

Wauzaji wa mashine husema njia zao zinatibu kila kitu. Hiyo ni lugha ya biashara. Njia ya maji kidogo ni ya kutunza zulia lililochafuka kwa kawaida, na ina mipaka yake.

Mkojo wa mtoto au wa paka hauondoki kwa unga wala kwa dawa ya manukato. Umeshuka mpaka kwenye mtande, na chumvi yake huyeyuka kwa maji tu. Zulia lililokumbwa na mafuriko, lililomwagikiwa chai ya maziwa kwa wingi au lililokaa miaka 10 bila kusafishwa nalo linahitaji kusuuzwa.

Hapo fundi mwaminifu humwambia mteja ukweli: kazi hii ni ya kufuliwa kwa maji, itafanyika mahali penye feni na mashine ya kukaushia hewa, itachukua siku kadhaa na bei yake ni nyingine. Akiificha hali hiyo na kupaka unga juu, harufu itarudi na mteja hatarudi.

Kinyume chake nacho ni kweli. Mteja akilazimisha zulia lake la juti limwagiwe maji "litakate vizuri", fundi aandike onyo hilo na kumpa asome. Mteja akisisitiza, ni bora kuiacha kazi.

KWA MWENYE MTAJI

Anayeingia katika kazi hii kwa mtaji mdogo apange manunuzi yake kwa utaratibu ufuatao. Kwanza, mashine ya kufyonza vumbi yenye nguvu, ambayo brashi yake inaweza kuzimwa. Pili, feni mbili kubwa. Tatu, kipimo cha unyevu wa hewa, ambacho ni kidogo na si ghali. Nne, brashi laini na taulo nyeupe. Tano, unga na dawa zilizoruhusiwa kwa sufu. Mashine kubwa ya maji ya moto ije mwisho, kazi ikishakuwa na wateja wa kudumu na mahali pa kukaushia.

Kitu cha sita hakiuzwi dukani: fomu ya mapokezi. Iandikwe aina ya uzi, vipimo vya urefu na upana, madoa na matundu yaliyokuwapo, matokeo ya kipimo cha rangi, njia itakayotumika na thamani ya zulia kama inavyotajwa na mwenyewe. Pande zote mbili ziweke sahihi, na picha ipigwe. Karatasi hiyo moja ndiyo bima ya kwanza ya fundi.

Bima yenyewe nayo iulizwe. Mkataba wa bima ya moto na wizi si lazima ulipie zulia lililoharibiwa na mkono wa fundi. Mwenye duka asome maandishi hayo kabla ya kuchukua kazi ya zulia lenye thamani kubwa kuliko mashine zake zote.

Wateja wa kutafutwa kwanza ni wenye mazulia yasiyoweza kubebwa: misikiti, kumbi na hoteli. Mfano mkubwa uko Muscat, Oman, katika Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos uliofunguliwa mwaka 2001. Zulia lake la sala lina mita za mraba 4,343 na uzito wa tani 21, na lilifumwa Iran kwa muda wa miaka minne. Zulia kama hilo haliendi kwa dobi. Dobi ndiye anayelifuata, na haiwezekani kulimwagia maji mahali lilipo. Msikiti wa mtaani una zulia dogo zaidi, lakini tatizo ni lile lile: waumini watasali hapo tena baada ya saa chache, na paji la uso haliwekwi juu ya zulia bichi.

Kwa wenye kununua mazulia ya zamani kwa nia ya kuuza tena, usafi ni sehemu ya bei. Soko la mazulia ya mkono ya Iran limeyumba kwa sababu za nje: Marekani iliyazuia mwaka 1987, ikayafungulia 2000, ikayazuia 2010, ikayafungulia 2016 na kuyazuia tena 2018. Muuzaji hana uwezo juu ya mambo hayo. Ana uwezo juu ya hali ya zulia lililo dukani kwake, kwamba halina nondo, halinuki, rangi hazijachanganyika na pembe zimenyooka.

Mnunuzi wa mazulia hayo, awe Sharjah, Dubai au mnadani nyumbani, aende na kitambaa cheupe mfukoni na pua yenye afya. Zulia linalonuka ukungu limeshapoteza sehemu ya thamani yake hata kama maua yake bado yanang'aa, na hakuna njia ya maji kidogo itakayoirudisha.

Kwa ufupi, mpango wa biashara hii unaweza kuandikwa kwenye karatasi moja: toa vumbi kwanza, jua uzi, pima rangi, tumia maji machache kuliko unavyodhani yanatosha, kausha kwa feni hata kama jua lipo, na andika kila kitu kabla ya kuanza. Anayefuata hayo atakuwa na wateja wachache mwanzoni kuliko jirani yake mwenye pampu, na atatoza zaidi. Masika yakiingia, jirani mwenye pampu hulazimika kufunga uani kwake. Mwenye unga, feni na taulo huendelea na kazi ndani ya nyumba ya mteja.